Makubadhi ya Mlangoni na Nyati Wawili

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni sababu ya kulificha jambo ambalo mume wangu huwatangazia hata walinzi wenzake kule kwenye minara ya West Bay. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikamfuata mume Doha, nikapata kazi, nikazaa, na katika hayo yote hakuna hata moja nililolifanya bila kugombana na mtu. Lakini ugomvi ninaotaka kuusimulia hapa ndio ninaoupenda kuliko yote, maana niligombana na wanaume saba kwa siku moja, mmoja wao baba yangu mzazi, na wote saba bado wananisalimia.

Baba ni msoma nyayo. Kwetu, upande wa Tabora, kuna pori la akiba, na ndani yake kuna vitalu ambamo wageni wa nje huja kuwinda kwa leseni: nyati, pofu, tandala. Mgeni ana bunduki, kampuni ina magari, serikali ina leseni, baba ana macho. Hutangulia mbele ya wote ameinama, anagusa udongo kwa kidole cha kati, anasema: dume, mzee, amepita kabla umande haujakauka, mguu wa nyuma unamuuma. Nilipokuwa mdogo sikuweza kutoroka hata kwenda kwa jirani. Akirudi alikuwa anautazama uwanja tu, halafu ananiuliza, "Mama, kwa nini wakati wa kurudi ulikimbia?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Na hasira za mama yake, anasema.

Sasa angalieni dunia ilivyo ndogo. Nimefika Doha, nimezunguka na vyeti vyangu nikitafuta kazi yoyote ya mezani, na kazi niliyoipata ni katika ofisi ndogo ya Al Wakrah inayopanga safari za uwindaji. Bosi ni Mwomani aliyelelewa na bibi mzaa mama kutoka Unguja, kwa hiyo anaongea Kiswahili ambacho mimi mwenyewe nakisikia kwake tu. Ananiita bibie. Siku ya usaili aliniuliza kama najua tofauti ya pofu na tandala. Nikamwambia mimi nimewala wote wawili. Akacheka, nikaanza kazi kesho yake. Kazi yenyewe ni simu, barua pepe na fomu. Wateja wanamwambia bosi kwa Kiarabu, bosi ananiambia mimi kwa Kiunguja, mimi nawaandikia watu wa kambi huko nyumbani, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Binti yangu alipofikisha mwaka na kitu akaanza kutembea. Nilimpigia baba simu ya video nimwonyeshe. Mtu mwingine angesema, oh, mtoto mzuri, kafanana na fulani. Baba alisema, "Simwoni vizuri. Nionyeshe wayo."

"Wayo gani baba, huku ni vigae nyumba nzima."

"Basi mpeleke penye mchanga."

Ijumaa tukampeleka ufukweni, palepale Al Wakrah, mume wangu amembebea viatu, mimi nimeshika simu. Mtoto akatembea hatua tisa kwenye mchanga wenye unyevu, akakaa kwa makalio. Nilipiga picha kila wayo, nikaweka kifuniko cha chupa ya maji pembeni ili baba ajue ukubwa. Watu waliokuja kupunga upepo walidhani nimepoteza kitu. Nikamtumia. Baada ya saa nzima akapiga.

"Picha haina kina," akasema. "Wayo unasomwa kwa kidole, mama. Halafu macho yangu siku hizi yana ukungu. Huu msimu nadhani ndio wa mwisho, mwakani watatafuta kijana."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya kuagiza sukari. Mimi nikaenda kusimama jikoni kidogo.

Likizo yangu ilikuwa bado mwaka mzima, na tiketi ya mkataba haiji kabla ya likizo. Kwa hiyo, siku bosi aliponiambia kwamba kuna kundi la marafiki watano wanataka nyati, na kwamba wameomba kitalu kilekile ambacho baba anafanyia kazi, nilimrukia kabla hajamaliza sentensi.

"Wana mkalimani?"

"Hawana, bibie."

"Sasa wanaye. Anakuja na mtoto wake. Mtoto atakaa kwa bibi yake, ni nusu saa kutoka kambini."

Bosi akahesabu kwa vidole. Akasema sawa, lakini kwa sharti moja: waende wote watano. Wakipungua, yeye hawezi kukodi ndege ndogo ya kutoka Dar, na pasipo ndege hakuna safari, na pasipo safari hakuna mkalimani. Nikamwambia nimekubali. Nikaenda nyumbani nikaanza kupanga nguo za mtoto, ingawa safari ilikuwa bado miezi mitatu. Mume wangu akaniuliza sanduku linafanya nini katikati ya chumba. Nikamwambia aliruke.

Halafu ikaja ile barua pepe. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, nami nimekuja na mtoto ofisini kwa sababu mume alibadilishiwa zamu ghafla. Meneja wa kambi aliandika kwa adabu zote za nyumbani, habari za familia, hali ya hewa, na mwishoni kabisa, kama mtu anayekudondoshea jiwe mguuni huku anatabasamu: mgawo wa wageni kwenye kitalu umepunguzwa msimu huu. Nyati ni wawili tu, kwa hiyo leseni za wageni ni mbili tu. Majina mawili yafike leo kabla ofisi hazijafungwa saa tisa na nusu, kwani kuna wageni wengine wanangoja nafasi hiyohiyo.

Leo! Na tusidanganyane na majira, saa ya Doha na saa ya Dar ni moja. Hakuna pa kujificha.

Nilimpigia baba. Hata sikumsalimia vizuri.

"Baba, ni mpumbavu gani kapunguza nyati?"

Nikasikia kuku.

"Walikuja maofisa kambini mwaka jana," akasema. "Wakaniuliza madume wazee wapo wangapi. Nikawaambia ukweli. Nimetembea siku tatu nzima nikaona nyayo za madume wawili wenye umri. Wengine wote ni vijana na majike yenye ndama. Nikasema wageni wapewe wawili, wasizidi."

"Baba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umenizibia njia baba! Hao wageni ndio tiketi yangu! Ndio wanaonileta mimi na mtoto!"

"Sikujua."

"Na ungejua?"

Akafikiri kweli, wala hakuwa anatania. "Ningesema wawili," akajibu. "Mama, wakati naanza kazi hii kila aliyekuja aliondoka na alichotaka. Ikafika mwaka tukakaa kambini wiki mbili na Mzungu mmoja hatujaona hata kinyesi kibichi. Wapishi walirudishwa makwao, na mimi nikarudishwa. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ulifukuzwa shule kwa ajili ya sare, umesahau? Wakishaisha, sina cha kusoma."

Nilikuwa nimesahau. Sikumwambia nimekumbuka. Nilimwambia nina kazi, nikakata. Nikamkasirikia zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Mtu asiye sahihi unamsamehe haraka.

Wateja walifika saa nne, bosi amewaita wote. Nyuma ya dawati langu kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna majlisi ya ofisi: zulia, mito ukutani, birika la kahawa. Wanaume wakikaa humo mimi siingii. Hakuna aliyenikataza, ila ndivyo ilivyo, na kahawa bosi humimina mwenyewe. Lakini ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, na Kiarabu changu cha sokoni kinanitosha kusikia watu wakipigana.

Ila hawakupigana. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mimi nilitegemea wagombane kama watu wa kwetu kwenye mgawo wowote, mmoja apige kelele, mwingine anune, mwisho wawili wapatikane. Hawa bwana walikuwa watu wa adabu. Bosi alipoeleza tu, wa kwanza akasema leseni moja apewe Haji, maana ni mkubwa wao. Haji, mzee wa ndevu nyeupe, akasema wallahi hapana, apewe yule aliyetoka kumwoza binti, hiyo ni zawadi yake. Huyo akaapa hagusi, apewe jirani yake aliyemtembelea hospitali. Jirani akaapa kwa watoto wake. Zikazunguka zile leseni mbili kama sahani ya wali ambayo kila mtu anakusukumia upande wako. Bosi naye, badala ya kuwabana, anamimina kahawa na kusema mashallah, mashallah. Mgeni habanwi. Saa sita zikafika. Wakaenda kuswali, wakarudi, wakala, wakaendelea kupeana.

Saa nane bosi alitoka akiwa na uso wa mtu aliyetoka kuona jambo jema.

"Khalas, bibie. Waandikie tunashukuru. Hapana anayechukua. Kila mmoja kamwachia mwenziwe."

"Kamwachia nani? Mbona hakuna aliyechukua?"

"Ndio hivyo. Wamestahiana."

"Bosi. Watu watano wametaka nyati, nyati wawili wapo, na hakuna mtu anayeenda. Hiyo ni heshima au ni ugonjwa?"

"Bibie, taratibu, wanasikia."

"Wasikie!"

Mtoto akaamka akaanza kulia, naye kwa sauti kubwa. Nikamweka kiunoni. Bosi akarudi ndani haraka, kama mtu aliyekumbuka kuwa kahawa inapoa.

Nikaifungua ile fomu tena, nikaisoma kwa hasira, ambayo ndiyo njia ninayosomea vizuri. Kulikuwa na sehemu ya wawindaji. Chini yake kulikuwa na sehemu ya waangalizi, watu wanaofuatana na mwindaji bila kushika bunduki. Wawindaji ni wawili, hawazidi. Waangalizi hawakuwekewa kikomo chochote. Wawili na watatu ni watano. Ndege inataka wateja watano. Mtoto alikuwa ananivuta hereni, nikambusu kichwani mpaka akashangaa.

Yalibaki majina. Nani awinde, nani aangalie? Nikiwaachia wenyewe wataapishana mpaka Ramadhani. Nikatoka nje kupata hewa, na pale mlangoni nikaona jibu limepangwa safu moja.

Makubadhi. Jozi tano, maana bosi ana yake ya plastiki nyeusi naijua. Kila aingiaye majlisi huvua nje. Mimi ni binti wa msoma nyayo, na sikuwa nimewahi kufikiria hata siku moja kwamba urithi wangu umelala pale kwenye kizingiti cha ofisi. Nikachuchumaa na mtoto wangu, nikaanza kugeuza kubadhi moja moja.

Nyati anawindwa kwa miguu. Baba huwaangalia wageni viatu siku ya kwanza, akajua nani atalia siku ya pili. Jozi ya kwanza ilikuwa mpya, hata gundi inang'aa, mtu wa kutoka garini mpaka zuliani. Ya pili nzuri lakini imelika upande wa nje tu, anakaa zaidi ya anavyosimama. Ya tatu kisigino kimoja kimezama, kingine kizima, huyo goti limekwisha, au mgongo. Ya nne ilikuwa ya zamani, imeshonwa soli mara mbili, imelika sawasawa kuanzia kisigino mpaka dole gumba. Huyu anatembea kwa miguu yake kila siku, jua liwake lisiwake. Na ya tano, kubwa sana, pana, ya mtu mzito, nayo imelika vizuri kabisa, na katikati ya mistari ya soli kulikuwa na vijiwe vidogo vya rangi ya waridi, vile vya njia ya wapita miguu kando ya bahari.

Nikachukua ya nne mkono mmoja. Ya tano nikaibana kwapani, maana mkono mwingine ulikuwa na mtoto. Nikasukuma mlango wa majlisi kwa bega.

Najua mnachokiwaza. Mwanamke, kwenye majlisi ya wanaume, na viatu mkononi, soli zinawatazama usoni. Najua. Hata bosi alitoa sauti ambayo sijaisikia tena.

"Salaam alaykum," nikasema, kwa sababu mimi nimelelewa. Kisha nikaendelea kwa Kiswahili, nikamwambia bosi atafsiri neno kwa neno. "Waambie mimi ni mtoto wa mtu anayesoma nyayo katika pori wanalotaka kwenda. Waambie nimesoma viatu vyao. Wenye hivi viwili ndio wawindaji. Wenye vile vilivyobaki mlangoni watakwenda kuangalia, fomu inaruhusu. Hakuna aliyechukua cha mwenzake. Nimechagua mimi, na mimi si rafiki wa mtu humu ndani. Nina saa moja."

Bosi akatafsiri huku anafuta jasho. Mtoto wangu akanyoosha mkono kwenye sahani ya tende.

Haji ndiye aliyeanza. Akatazama makubadhi yaliyoshonwa mara mbili, akajitazama miguu, akacheka mpaka kofia ikalegea. "Hayo ni yangu," akasema. "Msikitini naenda kwa miguu, mara tano. Wanangu wanaona aibu, wananiletea gari." Kisha akageuka. "Na hayo makubwa ya nani?"

Wote watano walijua ni ya nani, maana ni mmoja tu kati yao mwenye mguu wa namna ile: bwana mnene, aliyeegemea mito mitatu peke yake, ambaye tangu asubuhi walikuwa wanamtania kwamba nyati akimwona atadhani kakutana na ndugu. Alikuwa ameinamisha macho kama mwari.

"Wewe unatembea?" jirani yake akamuuliza.

"Kidogo."

"Wapi?"

"Kando ya bahari. Alfajiri." Akakohoa. "Daktari kasema. Mwaka wa pili sasa."

Majlisi ikalipuka. Mwaka wa pili na hakumwambia mtu! Wakampiga mabega, wakataka kujua anatembea mpaka wapi, naye akasema mpaka mwisho na kurudi, wakalipuka upya. Mwenye viatu vipya akalalamika kwamba yeye ameonewa, kanunua jana, vya zamani vimo garini, aende avilete visomwe.

"Mwambie alete," nikamwambia bosi. "Na mwambie hivyo vipya avivae porini, ataona malengelenge."

Akacheka, hakwenda kuvileta. Mwenye goti bovu ndiye aliyeonekana kufurahi kuliko wote. Aliniambia, kupitia kwa bosi, kwamba tangu mwanzo alitaka kwenda kuona tu, ila mwanaume huanzaje kusema hivyo?

Nilituma majina mawili na waangalizi watatu, saa tisa kasoro dakika chache. Haji alipotoka alichukua makubadhi yake kwangu mwenyewe, akampa binti yangu tende ya mwisho, akaniambia neno ambalo bosi alikataa kulitafsiri. Nasikia ni sifa.

Miezi mitatu baadaye tulitua kwenye kiwanja cha vumbi pembeni ya pori, mimi, mtoto, na wanaume watano waliokuwa wamekaa Doha wiki nzima wakivizoea viatu vipya kwa kuzunguka viwanja vya Al Thumama. Habari ya uwindaji wenyewe ni fupi: nyati wawili, madume wazee, walewale ambao baba alikuwa amewaona nyayo. Haji alitembea siku nne bila kulalamika. Bwana mnene alipata wake siku ya pili, akapiga simu kwa daktari wake kabla ya kumpigia mkewe.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya kutua nilimshusha mtoto chini. Akaangalia vumbi, hakuwahi kuona mchanga mwekundu, akaanza kutembea peke yake kuelekea kwenye gari la kambi. Baba alikuwa anatokea upande wa pili. Alikuwa amepungua, na alitembea akiwa ameinua uso kidogo, kama wanavyofanya watu wenye ukungu machoni. Nikaanza kumkimbilia. Akanyoosha kiganja: simama.

Hakunitazama. Alichuchumaa kwenye ule mstari wa nyayo ndogo, akagusa wa kwanza kwa kidole cha kati, akagusa wa pili, akafuata mpaka wa saba. Wageni wote watano walisimama nyuma yangu. Kwenye wayo wa saba akasita, akausugua ukingo wake taratibu, mara mbili.

"Kisigino kinazama," akasema. "Mtoto mdogo hivi huwa anakanyagia vidole. Huyu anapiga chini."

"Ana tatizo?" nikauliza.

"Hana." Sasa ndiyo akainua uso, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akacheka. "Ana hasira. Njoo nikusalimie, mama."